Maziwa ya Marehemu

Mimi sinywi maziwa. Nalitanguliza hili kwa sababu bila kulijua, mengine yote hayataeleweka. Tangu utoto tumbo langu na maziwa havipatani. Nikinywa nusu kikombe, tumbo linaanza kunguruma, na baada ya hapo ni mbio za chooni. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba ya wafugaji wa Kinyaturu upande wa Ikungi, hiyo si aibu ndogo. Bibi yangu alikuwa akitangaza mbele za wageni kwamba mimi bila shaka nilibadilishwa hospitali, ilhali nilizaliwa nyumbani, mikononi mwake mwenyewe.

Mnywaji alikuwa mume wangu. Alikuwa fundi wa pampu za visima, mtu mrefu, mpole, na kila asubuhi alikunywa glasi moja ya maziwa ya moto bila sukari, amesimama kwenye mlango wa jikoni. Maziwa hayo aliletewa na mama mmoja wa Mwankoko, nje kidogo ya mji, aliyepita na ndoo kubwa kichwani na ndoo ndogo za plastiki zenye mifuniko mikononi, moja kwa kila nyumba. Jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, utasikia, "Hodi hapa!" Mume wangu anatoka na jagi. Wanasalimiana, wanaongea habari za ng'ombe na za visima, wanacheka. Mimi niko ndani najiandaa kwenda kazini. Nilikuwa karani wa masijala, kazi ya kupanga mafaili, na ile kazi inamzoesha mtu kukaa na makaratasi kuliko kukaa na watu. Yule mama wa maziwa nilimjua kwa sauti tu.

Mume wangu alifariki mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi. Wakati wa msiba nyumba ilijaa mpaka watu wakalala barazani. Watoto wetu wawili, mmoja anaishi Dar es Salaam na mwingine Mwanza, walikaa hadi ruhusa zao za kazini zikaisha. Kisha kila mtu akashika njia yake. Asubuhi ya kwanza baada ya wote kuondoka, likizo yangu ya msiba ikiwa bado haijaisha, niliamka nikaketi kitandani, nyumba kimya kiasi kwamba nilisikia friji ikihema kule jikoni, na sikujua niteremke kitandani kwa ajili ya nini. Ndipo nikasikia, "Hodi hapa!"

Nilitoka nikiwa nimeshapanga maneno: asante mama, aliyekuwa akinywa hayupo tena. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, mwanamke wa makamo, miguu ina vumbi la njia. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umeamkaje, mama yangu? Umepata usingizi?"

Nilijua kwa hakika kwamba hakuna mtu mwingine ambaye angeniuliza hivyo siku ile, wala kesho yake. Nikarudi ndani, nikachukua jagi la marehemu, nikampelekea.

"Nipimie kama kawaida," nikasema.

Tangu siku hiyo nikawa nanunua hodi. Maziwa yalikuwa yanakuja nayo tu.

Sasa maziwa yakishaingia ndani, uyafanye nini? Kwetu maziwa hayamwagwi. Mwaga maji, mwaga uji, hakuna atakayekuuliza. Lakini ukimwaga maziwa makusudi, mama yangu angekutazama kama vile umempiga ng'ombe wake kwa shoka. Mama hayupo siku nyingi na mimi mwenyewe nina mvi kichwa kizima, ila mkono wangu mpaka leo haujaweza. Kwa hiyo maziwa ya marehemu yakawa ya paka.

Paka mwenyewe alikuwa wa marehemu pia. Ni dume la rangi ya majivu, mkia umepinda nchani, na mume wangu alimwita Bwana Mkubwa kwa jinsi anavyotembea. Ni paka wa ndani, hatoki, na sababu yake naijua vizuri kwa kuwa ilituletea ugomvi. Jirani yetu wa nyuma anafuga kuku wa kienyeji. Bwana Mkubwa alipokuwa bado kijana aliruka ua akala vifaranga vitatu kwa siku moja. Jirani alikuja mlangoni na manyoya kwenye sahani kama ushahidi. Mume wangu akaomba radhi, akaahidi kuwa paka hatatoka tena, na wiki hiyo hiyo akapigilia wavu kwenye madirisha yote. Ahadi ni deni, na ya marehemu ni zaidi. Tangu hapo mnyama yule ulimwengu wake ni vyumba vitatu, beseni la mchanga bafuni, na kizingiti cha dirisha anapokaa kuwatazama kuku wa watu na kumeza mate.

Tukawa wawili, basi. Nilistaafu miezi michache baada ya msiba, na kustaafu kwa mtu asiye na watu ni kufungiwa nje ya mlango uliouzoea. Niliongea na paka. Nilimwambia bei ya vitunguu, nilimtajia majina ya waliofariki yakitangazwa redioni kama nilimfahamu mmojawapo, nilimgombeza kwa uvivu. Ilifika mahali nikisikia simu inaita nashtuka kwanza, maana sauti yangu ilikuwa imezoea kujibiwa na mkia.

Mvua za msimu huu zilikuwa nzuri. Majani yakaota mpaka kwenye nyufa za miamba, ng'ombe wa yule mama wakazaa, na maziwa yakawa mengi na mazito. Akaanza kunitilia nyongeza. "Chukua, mama, Mungu ametubariki," anasema, na jagi linajaa mpaka mdomoni. Ningekataaje? Nami nikamjazia paka bakuli asubuhi, nikamjazia tena mchana.

Kwa siku kadhaa niliona mchanga wa kwenye beseni unalowa ovyo, nikajisemea ni joto. Kisha asubuhi moja nikakuta ameharisha kwenye korido, mwendo mzima kutoka sebuleni mpaka bafuni, kama mtu aliyekimbia asifike. Alikuwa amejikunja chini ya kiti cha marehemu. Nilipomvuta akatapika povu la njano kwenye miguu yangu. Yule bwana ambaye hata kujilamba alijilamba kwa madaha, alikuwa amechafuka nyuma na hana habari. Nikaogopa kweli. Nilikaa chini sakafuni na kitambaa cha maji, nikamfuta vile vile nilivyokuwa namfuta mume wangu siku zake za mwisho.

Mtu ukiogopa unatafuta wa kumlaumu, na mimi nilikuwa naye tayari, anaishi nyuma ya nyumba. Sumu! Nani mwingine? Nikatoka na khanga ya kulalia mpaka kwenye ua, nikamkuta jirani anawamwagia kuku wake pumba.

"Umemtilia nini paka wangu?" nikamuuliza bila hata salamu.

Mzee wa watu akanitazama. "Shemeji, habari za asubuhi."

"Nimekuuliza, umemtilia nini? Vile vifaranga mpaka leo hujasamehe?"

Akaweka bakuli la pumba chini taratibu. "Paka wako sijamwona tangu mume wako aweke wavu," akasema, akaingia ndani kwake. Nilirudi nikijiona nimeshinda.

Kila mtu anajua dawa ya sumu ni maziwa. Mtoto akinywa mafuta ya taa, mbwa akila sumu ya panya, watu wanakimbilia maziwa. Nikampa paka maziwa. Akanywa, akatapika. Nikampa mengine. Asubuhi iliyofuata "Hodi hapa!" ilipolia, nikatoka na jagi na sufuria juu yake.

"Leo nipimie mara mbili."

Mama wa maziwa akafurahi. "Ee, una wageni, mama?"

Ningeweza kusema paka anaumwa. Lakini mwanamke mzima, mstaafu wa serikali, niseme paka wangu anaumwa kwa mtu aliyeamka alfajiri kukamua ng'ombe? Na kuna kitu kingine, nacho nakisema ingawa kinanichoma. Nilipenda jinsi lile neno lilivyosikika pale mlangoni kwangu.

"Ndiyo," nikasema, "nina wageni."

"Mungu ni mwema. Nyumba bila watu si nyumba." Akapima mara mbili na akaongeza.

Siku ya tatu paka hakusimama. Nilimpigia simu binti yangu wa Dar es Salaam. Nilisikia vyombo na televisheni nyuma yake.

"Mama, pole. Lakini ni paka tu, mama. Usijiumize. Nitakutumia hela utafute kengine kadogo."

Sikumjibu vibaya. Nilimwambia asante, nikakata. Halafu nikakaa nikikasirikia lile neno "kengine" kwa muda wa saa nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyemfanya mnyama aumwe. Nikachukua kikapu cha marehemu cha spana, nikatoa spana zote nikazipanga mezani, nikatandika khanga ndani, nikamlaza mgonjwa. Alikuwa mwepesi. Nikapanda bodaboda, nikimwambia dereva kila tuta aende polepole, mpaka ofisini kwa bwana mifugo.

Kwenye benchi nilimkuta mwanamke na kuku wanne waliovimba macho, na mzee mmoja na mbuzi. Mzee akachungulia kikapuni.

"Mama, umeleta paka? Paka si anapewa tu bure?"

"Na wewe mbuzi wako si analiwa tu?" nikamjibu. Mwanamke wa kuku akacheka mpaka kuku wakapiga kelele. Mimi sikucheka.

Bwana mifugo alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, amevaa gambuti. Akaniamkia shikamoo kwanza, kisha akamtoa paka kikapuni kwa mikono miwili. Akavuta ngozi ya shingoni, akaiachia. Badala ya kurudi chap ilibaki imesimama, ikarudi taratibu.

"Amekauka, mama. Maji yameisha mwilini." Akaandaa sindano kubwa ya maji, akamchoma chini ya ngozi ya mgongoni, uvimbe ukatokea kama andazi. Huku akifanya hivyo akawa ananiuliza. Anatoka nje? Hatoki. Kuna sumu ya panya ndani? Hakuna. Anakula nini?

"Ugali na dagaa. Na maziwa."

"Maziwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akasimama na sindano yake.

"Yote hayo? Na nyumbani mko wangapi mnaokunywa?"

"Anakunywa yeye."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Hakucheka, na ningependa angecheka. Akanieleza kwa upole kwamba paka ananyonya akiwa mdogo, lakini wengi wakishakua, tumbo linasahau kazi ya kumeng'enya maziwa. Kidogo anaweza kuvumilia. Akizidishiwa ndiyo hivyo, anaharisha, anakauka, na akikauka sana anakufa. "Watu wanadhani paka na maziwa ni ndugu," akasema. "Hata binadamu wapo, mama, wakinywa maziwa tumbo linawakataa."

Nilitazama ukutani. Kulikuwa na picha ya ng'ombe iliyochorwa mistari ya nyama. Hata binadamu wapo! Miaka sitini na zaidi ninalijua jambo hilo kwa tumbo langu mwenyewe, na nilimnywesha kiumbe kisicho na mdomo wa kukataa. Nilimtukana mzee wa watu mbele ya kuku wake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na cha kwangu kilikuwa kwenye jagi.

Maagizo yalikuwa rahisi. Leo tumbo lipumzike, apate maji tu, kidogo kidogo. Kesho kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila mafuta, na kitunguu asikione kabisa. Dagaa wa chumvi basi. "Na maziwa, mama, hata tone."

Kuku wa kuchemsha! Nilirudi nikasimama kwenye ua ule ule. Jirani alikuwa anaziba tundu la banda. Nilimsalimia kwanza safari hii. Nikamwambia nimekosea, ni maziwa yangu mwenyewe, na kwamba naomba kununua kuku kwa ajili ya mgonjwa.

"Alikula vifaranga," akasema, "sasa anamtaka na mama yao."

Akaingia bandani, akatoka na tetea amemfunga miguu, akanipa juu ya ua. Pesa alikataa. Akarudi kwenye tundu lake.

Paka akapona. Siku ya pili alikula vipande vinne vidogo vya kuku mkononi mwangu, siku ya nne kinyesi kikashikana, nami nikafurahia mchanga wa bafuni kuliko mtu mwenye akili anavyopaswa kufurahia. Kingekuwa kisa cha paka tu, hapo kingekwisha.

Lakini kila asubuhi hodi ilipigwa, na kila asubuhi nilitoka na jagi.

Nilijua la kusema. Nililisema kitandani, nikalisema nikivaa kandambili, nikifungua mlango napokewa na "Umeamkaje, mama yangu? Wageni wameamkaje?" nami nanyoosha jagi. Nikimwambia asilete, hatapita tena. Njia yake ni ya maziwa, mtu haachi ng'ombe zake akaja kuuliza usingizi wa mwanamke asiyenunua kitu. Nikawa napokea. Kupunguza nyongeza niliweza, kusema "basi" nikashindwa. Maziwa nikayachemsha, nikayaweka kwenye sufuria juu ya kabati yagande, nikijidanganya kwamba nitampelekea mtu mtindi. Mtu gani? Sikuwa na jina hata moja.

Paka ni paka. Alipopata nguvu kidogo, nguvu zile alizitumia kupanda kabati. Nilikuwa nimeketi barazani nachambua mchele, mchana kweupe, nikasikia mfuniko unaanguka. Nilipofika kichwa kizima kilikuwa ndani ya sufuria na alikuwa ameshashusha zaidi ya nusu.

Kabla ya jua kuzama alikuwa chini ya kiti tena. Safari hii alitoa na damu kidogo. Macho yaliingia ndani, akafungua mdomo kulia na sauti haikutoka. Nilimwita Bwana Mkubwa, na mkia, ule mkia ulionijibu kila siku, haukutikisika. Nilimpigia bwana mifugo, akaja na pikipiki yake nyumbani. Akamchoma maji, akamchoma na dawa nyingine, akanusa hewa ya jikoni, akaiona sufuria.

"Mama," akasema, na upole ulikuwa umepungua, "nilisema hata tone. Sasa uchague. Ukimwachia tena, usinipigie simu, tafuta jembe."

Alidhani nachagua kati ya paka na maziwa. Ningemwelezaje kijana yule kwamba kwenye nyumba hii kulikuwa na viwili tu vilivyonifanya niamke, mnyama aliyelala pale na sauti ya mlangoni, na kwamba nimekuwa nikiilipia ile sauti kwa tumbo la mnyama? Nililia baada ya pikipiki kuondoka. Nilimlilia paka, nikamlilia na mume wangu, na pia nililia kwa hasira, kwa kuwa yeye alijua kuongea na watu mlangoni na hakunifundisha.

Asubuhi paka alikuwa hai. Nilitoka kabla ya hodi, nikamngojea kwenye ngazi. Alikuja akiwa amejifunga kitenge kichwani kwa sababu ya upepo, ndoo mkononi, akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Leo umeniwahi."

"Marahaba." Sikumnyooshea jagi. "Mwanangu, usilete maziwa tena. Sinywi maziwa. Sijawahi kunywa. Nilikuwa nampa paka, na yanamuua."

Nilitegemea ashangae. Aliweka ndoo chini, akautengeneza mfuniko ambao haukuwa na kasoro.

"Najua hunywi, mama. Mzee alikuwa akinichekesha kila siku kwa habari hiyo. Alisema ameoa Mnyaturu wa bandia."

"Ulijua? Na wageni je?"

Akatazama chini, kwa heshima, pale kwenye kizingiti. "Wageni gani, mama, wasioacha viatu mlangoni? Ni kandambili zako tu, siku zote."

Uso ukanishuka. Ningependa kusema nilicheka, lakini nilizitazama tu kandambili zangu.

"Nikajua unataka kusalimiwa," akasema. "Nami nikawa nakusalimia. Ila paka sikumjua, ningekwambia."

"Sasa hutapita tena."

Nililisema kama taarifa, sikuuliza. Yeye akajitwika zile ndoo nyingine, moja kichwani na mbili mikononi, akaiacha yangu pale pale kwenye ngazi, tupu, kwa kuwa maziwa yangu yalikuwa bado hayajapimwa kutoka kwenye ile kubwa ya kichwani.

"Ndoo yako hii," nikamwambia.

"Utaniletea, mama."

"Kwako sipajui."

Hapo ndipo aliponitazama moja kwa moja, na hakuwa na ukali wowote. "Mzee alikuwa akifika, alitutengenezea pampu. Akakaa, akala. Kila mara tukamuuliza, mama je? Akasema, mama atakuja. Miaka yote hiyo, mama. Njia ninayokujia mimi ndiyo hiyo hiyo ya kufika kwangu." Akaaga, akaenda.

Sikujua ana watoto wangapi. Sikujua kama ana mume. Aliniuliza usingizi wangu kila siku ya Mungu tangu msiba, na mimi sikumuuliza hata ng'ombe wake wamelalaje. Niliita ule upweke msiba wangu. Nusu yake niliijenga mwenyewe, mapema sana, wakati mwenzangu yuko mlangoni anacheka na watu na mimi niko ndani nafunga khanga.

Kesho yake hodi haikulia. Wala siku iliyofuata. Paka, ambaye sasa alikuwa anakula na kujilamba, alikwenda saa ile ile akaketi mbele ya mlango, masikio yamesimama. Kisha akageuza kichwa kunitazama mimi, kama ninayejua kilichotokea.

"Haji," nikamwambia.

Ndoo ilikaa juu ya meza ya jikoni. Chombo cha mtu kikikaa kwako siku nyingi kinaanza kukusuta, na hilo hata mimi wa masijala nalijua. Na chombo hakirudishwi kitupu. Siku ya tano niliiosha, nikaikausha juani, nikatafuta cha kutia. Nikatia sukari, nikatia na paketi mbili za majani ya chai. Maziwa wanayo wenyewe. Mimi nitakunywa ya rangi, nikikaribishwa.

Nilimwachia paka kuku wake na maji, nikafunga mlango, nikaenda kwa miguu kuelekea Mwankoko. Niliuliza njia mara mbili, kwa watu ambao wote walimjua mama wa maziwa na hakuna aliyenijua mimi. Alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili. Nilifika kwenye nyumba yenye ua wa minyaa, na kupitia mwanya niliona ndama amefungwa, nguo kwenye kamba, na ile pampu ya mkono imepakwa rangi ya buluu aliyopenda mume wangu, rangi iliyobaki alipopaka milango yetu.

Nikasimama nje na ndoo. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipopiga hodi kwa mtu bila kuwa na msiba wala barua ya ofisi, sikukumbuka.

"Hodi," nikasema. Ilitoka ndogo mno, hata ndama hakugeuka.

Nikavuta pumzi, nikarudia kwa sauti, kama alivyokuwa akinipigia yeye.

"Hodi hapa!"